Kwa Nini Mama Sylvanus Alirudi kutoka Minesota

"Mama Sylvanus, kwa nini ulirudi? Ama walikufukuza?"

Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama katikati ya ua wa kanisa letu hapa karibu na Ikonge, soda mkononi, na swali hilo lilinitoka kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Watu wazima wote walinyamaza. Hawakunyamaza kwa kushangaa. Walinyamaza ili wasikie jibu vizuri, maana kila mmoja wao alikuwa na swali hilohilo kooni tangu asubuhi, ila wao walikuwa wamefundishwa adabu.

Mama Sylvanus alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Nenda umwambie mama yako aje aniulize mwenyewe," akasema, kisha akaendelea kutafuna mandazi.

Mama yangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu hatua mbili, ghafla aliona kitu cha maana sana ndani ya kikombe chake cha chai.

Jina halisi la Mama Sylvanus ni Loice Nyanchera, lakini hilo hutumiwa na karani wa kanisa tu. Ni jirani yetu. Shamba lao la chai na letu limetenganishwa na mstari wa migomba ambayo baba yangu anasema ni yetu na mume wake, Onyiego, anasema ni yao, na ndizi zikiiva kila mmoja anaamka mapema kuliko mwenzake. Sylvanus, mtoto wake wa kwanza, ni fundi wa pikipiki Nyamira. Kufikia hapo unaweza kudhani ni mama wa kawaida tu wa kwetu. Ni kweli, ni wa kawaida. Ila alikuwa anaogopwa kuliko pasta.

Kanisa letu lina biashara. Kikundi cha akina mama kinasuka ekee, kile kikapu kizito cha kuwekea ugali wa wimbi, na kanisa linaviuza. Vingine vinaenda Kisii mjini. Vingine anavichukua mwenzao Benter na kuviuza pale soko la Kebirigo. Vingine vinavuka bahari hadi kwa kanisa rafiki kule Minesota, Amerika, ambako wana duka lao la kazi za mikono, na watu wa huko hawawekei ugali. Wanawekea funguo za gari.

Kazi ya Mama Sylvanus kikundini ilikuwa kukagua. Jumapili, akina mama wakishaketi, alikuwa anatandaza mapajani kitambaa cheupe ambacho zamani kilikuwa cha Meza ya Bwana, anamimina unga wa wimbi ndani ya kikapu chako, halafu anakitikisa. Unga wa wimbi ni mwembamba kama vumbi la barabarani. Ukiona hata chembe moja ya kahawia kwenye kitambaa, ujue kikapu chako kina mdomo. Hapo Mama Sylvanus alikuwa anasema neno moja tu.

"Fumua."

Hakusema pole. Hakusema angalau umejaribu. Fumua, basi, na wewe unachukua kazi yako ya wiki mbili unaanza kuivuta uzi kwa uzi huku wenzako wakikutazama kwa furaha, maana leo si wao. Gladys, ambaye ana moyo laini kama parachichi lililoiva zaidi, alifumua kikapu kimoja mara nyingi sana hadi nyasi zikaanza kukatika zenyewe kwa huruma. Nje watoto tulicheza mchezo wa Fumua. Mmoja anaketi juu ya jiwe, wengine wanamletea majani, anayakataa.

Sasa, kuna wageni wa kujitolea. Hawa huja kila Agosti kutoka kanisa hilo la Minesota, wamevaa suruali zenye mifuko mingi kuliko vitu walivyo navyo, na kazi yao ni kupaka rangi ukuta wa kanisa. Ukuta uleule. Nimezaliwa nikakuta unapakwa, na sasa umenenepa hadi madirisha hayafungi. Mzee Onchiri, mzee wetu wa kanisa, hutuma vijana mwezi wa Julai wakaukwaruze kidogo ili wageni wakifika wapate cha kufanya.

"Tukiwaacha bila kazi wataanza kutuuliza maswali," husema.

Mwaka ule wakaleta wazo jipya. Safari hii na sisi tutume mtu wetu, akajitolee kwao, miezi mitatu, pale dukani, awaonyeshe watu jinsi ekee inavyosukwa. Mzee Onchiri alitangaza baada ya ibada, kifua mbele kama anayeenda ni yeye.

"Ndugu zangu, Mama Sylvanus anaenda Amerika kujitolea."

"Kujitolea ndiyo nini?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Ni kufanya kazi bila kulipwa."

Benter akainuka. Benter ni Mjaluo wa kutoka Oyugis, ameishi kwetu tangu kitambo, na mdomo wake hauna breki.

"Yawa! Hiyo kazi si mimi nafanyia bwana yangu kila siku? Na mbona sijaona ndege?"

Hakuna aliyeamini hiyo habari ya kujitolea. Kwetu mtu haendi Minesota kujitolea. Kwetu mtu anaenda Minesota, anazima simu, anapotea, na baada ya miaka kadhaa nyumba ya ghorofa inaota nyumbani kwao kama uyoga. Kila mtu ana binamu wa namna hiyo. Kwa hiyo tulimuaga Mama Sylvanus jinsi tunavyowaaga watu hao. Alichinjiwa kuku. Aliombewa hadi maji ya chai yakakauka jikoni. Watu walichora nyayo zao kwenye karatasi ili awaletee viatu, na mzee mmoja alichora mguu mmoja tu, akasema wa pili unafanana na huo.

Onyiego alianza kutembea mikono ikiwa nyuma, kama chifu. Alipima kwa hatua mahali ghorofa itakaposimama, na choo cha ndani kilikuwa kimeingia kwenye migomba yetu. Siku ya kuondoka alimshika mkewe mkono mbele ya watu wote.

"Mama Sylvanus," akasema, macho yamejaa machozi, "usiwe na haraka ya kurudi."

Sijawahi kusikia maneno ya mapenzi kama hayo.

Miezi mitatu ilipokwisha, alirudi. Alirudi! Na mkoba mmoja. Ndani ya huo mkoba mlikuwa na soksi nzito, mkasi mzuri, na mbegu za maua ambazo kuku walimaliza siku iyo hiyo. Hakukuwa na kiatu hata kimoja, hata cha yule mzee wa mguu mmoja.

Ndipo tukakusanyika uani kumkaribisha, na ndipo nikauliza lile swali. Aliponinyima jibu, watu walijitafutia lao wenyewe. Jumatatu alikuwa amefukuzwa Amerika. Jumatano alikuwa amefukuzwa akiwa na pingu. Kufikia Sabato alikuwa amempiga kofi askari wa uwanja wa ndege, na Benter alikuwa anaonyesha ni kofi la mkono gani.

Mama Sylvanus hakukanusha. Onyiego naye alirudisha mikono mbele, akawa anapeleka majani chai kwenye kituo cha kupimia kupitia njia ya mtoni ili asikutane na watu.

Jumapili iliyofuata, Mama Sylvanus alifika kikundini, akatandaza kitambaa chake cheupe, akangoja. Hakuna aliyempa kikapu. Hawakugombana naye, hapana. Waliangalia tu kando.

"Mtu amerudishwa na Wazungu, halafu aje arudishe kazi yangu?" mmoja wao alisema, kwa sauti ya kunong'ona inayosikika hadi Kebirigo.

Wakamchagua Gladys awe mkaguzi. Gladys alikuwa anakishika kikapu, anakitikisa kidogo bila unga, anasema, "Kizuri! Mungu akubariki!" Cha pili, kizuri. Cha tatu, kizuri mno. Mikutano ikawa mifupi na yenye furaha. Vikapu vikawa vinavuja kama hema la zamani.

"Wateja wa Kebirigo wananiuliza kama hii ni kikapu ama ni chujio," Benter alilalamika. Gladys akamwambia naye Mungu ambariki.

Miaka yote iliyofuata Mama Sylvanus hakukosa Jumapili hata moja. Alikuwa anaketi mwisho wa benchi, karibu na mlango, anasuka vyake, na kile kitambaa kimekunjwa juu ya magoti yake. Mtu akiinuka na kikapu, aliinua macho. Mtu huyo akienda kwa Gladys, aliyashusha. Mimi nilikuwa ninakua huku nikiona hivyo, na kusema kweli ilikuwa inaniuma. Hakutaka waamini kwamba hakufukuzwa. Alitaka vikapu vyao tu.

Agosti hii nilikuwa nyumbani kwa likizo. Niko kidato cha tatu, na kwa sababu nimewahi kupata alama nzuri ya Kiingereza, Mzee Onchiri alinifanya mkalimani wa wageni. Walikuja watano. Mkubwa wao alikuwa mama mrefu mwenye nywele nyeupe, anayecheka kwa mwili mzima, jina lake Marlys. Alipomwona Mama Sylvanus kule mwisho wa benchi alipiga mbio, akamkumbatia hadi kilemba kikaanguka. Huyu ndiye aliyemlaza nyumbani kwake ile miezi mitatu.

Watu wakatazamana. Mtu aliyefukuzwa hakumbatiwi hivyo.

Jumapili, kikundi kimejaa, Marlys akasimama kuzungumza, nami kando yake. Alikuwa na sanduku la kadibodi. Akalifungua polepole, akatoa karatasi laini, akatoa karatasi nyingine, akatoa kikapu.

Nisikilize. Nimeona vikapu vibaya. Cha kwanza nilichosuka mimi mama yangu alikipa mbwa, mbwa akakikataa. Lakini hiki! Kilikuwa kimeinama upande mmoja kama kofia ya mlinzi aliyelala kazini. Mdomo wake ulikuwa na mawimbi. Ungeweza kutazama ndani yake na kuona watu walioketi upande wa pili, na hata kuwatambua.

"Hiki," Marlys akasema, nami nikatafsiri, "alikisuka Loice kwetu, mbele ya macho yetu. Tulilia. Tangu siku hiyo kimekaa kwenye dirisha la duka letu, kimewekewa taa yake. Watu wameomba kukinunua, tukakataa. Leo nimekileta mkione."

Akina mama walikitazama kikapu, wakamtazama Mama Sylvanus, yule wa Fumua, wakakitazama tena kikapu. Uso wa Mama Sylvanus ulikuwa kama jiwe la wachonga sanamu wa Tabaka kabla halijachongwa.

Benter ndiye aliyepasuka kwanza.

"Wuololo! Yawa, hii hata kuku akitaga, yai linaanguka!"

Kicheko kikabomoa nyumba. Gladys alicheka huku akiomba msamaha kwa Mungu. Marlys akanigeukia, anatabasamu.

"Wanasemaje?"

"Wanasema wamefurahi sana," nikasema.

"Waambie," Marlys akaendelea, na sasa alikuwa amemshika Mama Sylvanus bega, "waambie tulimwomba abaki. Kanisa zima lilimwomba. Tulisema karatasi zote tutazitafuta sisi, na chumba kipo. Alikataa. Waambie hatujawahi kumwelewa."

Mama Sylvanus alikuwa ananitazama, na alitikisa kichwa kidogo sana, yaya, yaani hapana, usiseme. Lakini nilikuwa nimengoja tangu nikiwa na miaka tisa. Nikasema. Nikasema kwa sauti ileile ya kuita ng'ombe.

Onyiego alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kwa ajili ya chai ya wageni. Akaingia ndani hatua moja.

"Walikuomba ukae?"

"Waliniomba," Mama Sylvanus akasema.

"Amerika?"

"Ni wapi pengine nilikwenda, Onyiego?"

"Na ukakataa."

"Nikakataa."

Onyiego akaketi polepole juu ya ndoo ya rangi, kama mtu anayebomoa nyumba ghorofa moja baada ya nyingine.

Kelele ilianza. Wengine walisema ana wazimu, wengine walisema mbona alituacha tumsengenye bure, na Benter alikuwa anauliza kama nafasi hiyo bado ipo. Katikati ya kelele hiyo Mama Sylvanus aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na bakuli la unga wa wimbi. Akaketi. Akatandaza kitambaa chake cheupe mapajani. Akanyoosha mkono kwa Marlys, na Marlys, akidhani ni sherehe fulani ya kwetu, akampa kile kikapu kwa mikono miwili.

Mama Sylvanus akamimina unga. Hakuhitaji hata kutikisa. Unga ulipita kama hakuna kitu, ukajaa kwenye kitambaa, ukamwagika hadi viatuni. Alikiinua kikapu kitupu, akakiangalia mbele na nyuma, akajiambia mwenyewe, mbele ya kanisa zima:

"Fumua."

Na akaanza kufumua.

"Hapana! Hapana, hapana, hapana!" Marlys akalia, mikono kichwani. "Mwambie aache! Hicho ni cha dirishani!"

"Anasema ni kibovu," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka kudanganya. "Wote wanasema ni kibovu. Yule aliyecheka alisema hata yai halikai."

Marlys aliduwaa. Alimtazama Mama Sylvanus akivuta nyuzi, chapuchapu, bila huruma, nyasi zikianguka chini kama za kitanda cha mbuzi. Halafu akaenda kwenye begi lake, akachakura, akarudi na kikapu kingine, kidogo, amekishika kama mtoto anayepeleka daftari kwa mwalimu. Alikuwa amekisuka yeye mwenyewe. Akakiweka juu ya kitambaa.

Unga, kutikisa, vumbi la kahawia kwenye kitambaa.

"Fumua," Mama Sylvanus akasema.

"Amesemaje?"

"Amesema ufumue. Uanze tena."

Nilidhani atalia. Akacheka, kile kicheko chake cha mwili mzima, hadi akashikilia benchi. Alisema kwao kila mtu alimwambia ni cha ajabu, hata daktari wake wa meno. Akaketi sakafuni miguuni pa Mama Sylvanus, akaanza kuvuta uzi wa kwanza.

Gladys akaja. Alikuwa amebeba kikapu chake cha wiki hiyo, alichokuwa amejipitishia mwenyewe. Alikiweka juu ya kitambaa, akafumba macho kama mtu anayedungwa sindano. Nyuma yake alisimama mama yangu. Nyuma ya mama yangu wakasimama wengine, hadi mlangoni, na Onyiego kwenye ndoo yake akalazimika kusogeza miguu wapite.

"Fumua," ikaendelea. "Fumua. Hiki, fumua kuanzia hapa. Wewe Mama Purity, hiki ulisuka ukiwa umelala?"

Mama Purity ni mama yangu. Purity ni mimi. Sijawahi kumwona mama yangu akifurahia tusi namna hiyo.

Jioni, wageni walipokwenda kuoga, nilimkuta Mama Sylvanus nje, ameegemea ukuta wa kanisa bila kukumbuka kwamba umepakwa rangi asubuhi. Nikaegemea kando yake, nami bila kukumbuka. Sketi yangu hadi sasa ina mstari wa samawati.

"Ulinikaidi," akasema. "Nilikuambia usitafsiri."

"Kwani kwa nini hukusema tangu zamani? Miaka yote hiyo wanasema ulifukuzwa."

"Mtu aliyefukuzwa anahurumiwa, Purity. Mtu aliyekataa kukaa Amerika anapelekwa Kisii akaangaliwe kichwa. Na Onyiego angekufa. Umemwona leo."

Nilimwona. Alikuwa bado juu ya ndoo.

"Haya, Mama Sylvanus," nikasema. "Mama yangu hakuja kukuuliza. Nakuuliza mimi tena. Kwa nini ulirudi?"

Akatoa nyasi moja iliyokuwa imenasa kwenye sweta, akaiviringisha kidoleni.

"Wiki ya kwanza kule mikono yangu iliganda," akasema. "Nyasi zao zilikuwa kama waya. Nikasuka takataka, wakapiga makofi. Nikasema moyoni, hii ni heshima ya mgeni, itapita. Nikasuka kingine. Kizuri. Nikasuka cha tatu, hakina matako, kizuri. Basi hiki cha leo nilikiharibu makusudi. Nilikipinda, nikakiacha wazi, nikakaa nikingoja mtu mmoja tu aniangalie kwa jicho baya. Marlys akatoa machozi. Wakakiweka dirishani, wakakiwashia taa. Nilikuwa ninapita hapo kila asubuhi nikiingia kazini, ninacheka peke yangu. Halafu asubuhi moja nikapita, nikasimama, nikakiangalia pale kwenye ile taa yao, na mwanangu, nilianza kukiona kizuri. Nikaenda kufunga mkoba."